Sarafu ya Kale: Namna ya Kujua Kama ni Halisi na Kama Ina Thamani

Sarafu yangu ya kwanza ya kale ilikuwa bundi wa Athens. Upande mmoja kichwa cha Athena, mungu wa kike, amevaa kofia ya vita. Upande wa pili bundi amesimama, macho yamemtoka, pembeni yake vijani vya mzeituni, mwezi mwandamo na herufi tatu, ΑΘΕ. Muuzaji aliniambia ina miaka elfu mbili na mia nne, nami nikainunua ile miaka. Sikuuliza kitu kingine. Bundi huyo bado ninaye, na nitamrudia mara kwa mara humu, maana karibu kila kasoro ambayo sarafu bandia huwa nayo, yeye anayo.

Kosa langu lilikuwa mpangilio. Niliwaza bei kwanza, na anayewaza bei kwanza huona anachotaka kuona. Ijue kwanza ni sarafu gani. Kisha jaribu kuikataa kwa kila njia uliyo nayo. Ikishinda yote hayo, ndipo uulize inauzwaje.

Kabla ya kitu chochote: usiisafishe

Hili nalisema mapema kwa sababu mkono huwa mwepesi kuliko akili. Niliwahi kuipata sarafu ndogo ya shaba ya Kirumi, imefunikwa na rangi ya kijani iliyokolea, na nikaisugua kwa ndimu na mswaki mpaka ikang'aa kama bomba jipya la maji. Nilipompelekea mtu anayezijua, aliigeuza mara moja tu akanirudishia bila kusema neno. Utandu ule wa kijani ulikuwa umechukua karne nyingi kujijenga. Haurudi, na bei ilikwenda nao. Udongo uliolegea unaweza kulowekwa kwenye maji yaliyotoneshwa ukatoka wenyewe. Zaidi ya hapo, mwachie mtaalamu.

Shika sarafu kwenye ukingo, si usoni, na fanya kazi juu ya kitambaa kinene. Fedha iliyokaa ardhini muda mrefu inaweza kuwa imekauka kwa ndani ikawa na nyufa usizoziona, na ikianguka sakafuni hukatika vipande kama kigae. Kwa sababu hiyohiyo achana na ule mtindo wa kuidondosha mezani usikilize mlio wake. Sarafu halisi iliyokauka hutoa mlio mfu, na bandia nzuri hulia vizuri tu.

Vifaa ni vichache: mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia kipenyo, lenzi ya kukuza mara 10, sumaku ndogo yenye nguvu, na taa ya mezani unayoweza kuiinamisha ili mwanga upite kwa ubavu.

Hatua ya 1: Ijue kwa jina

Huwezi kusema uzito si sahihi kama hujui ulipaswa kuwa ngapi, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma. Maandishi ya Kilatini yaliyoizunguka sura ya mtu, yenye IMP, CAES au AVG, yanakupeleka kwa mfalme wa Roma, na kumbuka kwamba V husimama mahali pa U. Herufi za Kigiriki mara nyingi hutaja mji au mfalme. Tundu la mraba katikati ni China au majirani zake.

Anayesoma Kiarabu ana bahati hapa. Dinari za Kiislamu tangu mageuzi ya Khalifa Abd al-Malik, mwaka wa 77 Hijria, hazina picha yoyote: ni maandishi matupu, na mwaka umeandikwa kwa maneno, si kwa tarakimu. Ukisoma "mwaka wa saba na sabini" umeshapata tarehe bila kufungua kitabu. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa nazo zina utamu wao. Jina la sultani liko upande mmoja, upande wa pili ni maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama beti la shairi. Mwaka hazina, kwa hiyo jina ndilo linaloeleza kila kitu.

Ukishakuwa na jina, tafuta picha za sarafu za aina hiyo. Makumbusho ya British Museum yameweka mkusanyiko wake mtandaoni, na American Numismatic Society ina hifadhidata ya bure ya sarafu za wafalme wa Roma iitwayo OCRE, ambamo unaweza kutafuta kwa jina la mfalme, kwa maandishi au kwa mji ilikotengenezwa. Usitosheke na picha moja. Tazama ishirini. Jicho linajifunza kwa wingi kuliko kwa maelezo.

Katika hatua hii baadhi ya bandia huanguka zenyewe. Sarafu iliyoandikwa "44 BC", yaani mwaka 44 kabla ya Kristo, imetengenezwa na mtu mwenye haraka, kwani aliyeishi mwaka huo hakujua anahesabu kurudi nyuma kuelekea nini. Nakala za ukumbusho nazo huwa na alama ndogo kama COPY, R au WRL. Kuna watu huzikwangua, kwa hiyo sehemu iliyosawazishwa bila sababu, iwe usoni au kwenye ukingo, inatakiwa ikushtue.

Tena usiuamini mwaka ulioandikwa. Riale ya Maria Theresa ina mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, na imeendelea kupigwa kwa mwaka uleule hadi zama zetu. Zilizo nyingi mikononi mwa watu ni changa sana kuliko zinavyosema.

Hatua ya 2: Mizani

Dola za kale zilikuwa makini sana na dhahabu, makini na fedha, na hazikujali sana shaba. Hilo ndilo la kukumbuka unapopima. Sarafu ya dhahabu iliyopungua robo gramu ina maswali ya kujibu. Ya shaba ikipungua gramu mbili huenda ndivyo ilivyotoka siku ile.

Viwango vichache vya kukuanzishia: bundi wa Athens, drakma nne, takriban gramu 17.2. Dinari ya fedha ya Roma ilikuwa karibu 3.9 katika karne ya mwisho ya Jamhuri, na baada ya Nero kupunguza uzito mwaka 64 BK ikashuka hadi takriban 3.4. Solidi ya dhahabu iliyoanzishwa na Konstantino ilikatwa 72 kwa kila ratili ya Kirumi, ndiyo takriban 4.5. Dinari ya dhahabu ya Abd al-Malik, 4.25. Iliyosuguka sana hupungua kidogo, lakini haizidi. Fedha au dhahabu iliyozidi uzito wake ni mbaya kuliko iliyopungua.

Bundi wangu alisoma 14.63.

Kwa nini waghushi hukosea mahali rahisi namna hii? Kwa sababu hawatumii madini yaleyale. Shaba ni nyepesi kuliko fedha, kwa hiyo ukitengeneza kitu cha ukubwa uleule kwa shaba kisha ukakichovya fedha, uzito lazima ushuke hadi karibu 14.7. Mghushi anaweza kuongeza unene afidie, na hapo kalipa itamsema.

Unaweza kwenda hatua moja mbele ukapima densiti, yaani uzito wa kila sentimita moja ya ujazo. Weka glasi ya maji juu ya mizani, kisha bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote, isiguse chini wala ubavuni. Tikisa uzi kidogo vipovu vya hewa vitoke. Namba inayosomeka sasa ndiyo ujazo wa sarafu kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo.

Bundi wangu alitoa 1.64. Gawanya 14.63 kwa 1.64 unapata 8.92. Shaba safi ni 8.96. Miaka michache baadaye rafiki aliniazima bundi wake halisi: uzito 17.15, majini 1.66, densiti 10.33. Fedha safi ni 10.49, na fedha ya kale haikuwa safi kabisa. Tazama pia jambo dogo hapo: wangu ana ujazo mdogo kuliko wa rafiki yangu. Madini yaliyomiminwa kwenye kalibu hunywea yakipoa, kwa hiyo nakala iliyosubiwa kutokana na sarafu halisi hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake.

Njia hii ina mipaka yake. Kwa sarafu ndogo kama dinari ya Roma, ujazo wote ni kama 0.33, na mizani ikikosea 0.01 tu jibu limepotoka kwa asilimia 3. Kwa dhahabu nako kuna mtego: dhahabu ni 19.32 na tangisteni ni 19.25, kiasi kwamba maji hayawezi kuzitenganisha.

Sumaku ni ya sekunde tano. Dhahabu, fedha na shaba hazinasi, na sarafu ikinasa karibu kila mara mazungumzo yameisha. Isiponasa, hujathibitisha chochote.

Hatua ya 3: Lenzi

Hapa kaa muda mrefu. Lakini kwanza uelewe sarafu ilizaliwaje. Fundi alichonga mihuri miwili kwa mkono. Mmoja uliwekwa chini, umezama kwenye fuawe. Kipande cha madini kiliwekwa juu yake, mara nyingi kikiwa cha moto, muhuri wa pili ukashikwa juu yake, nyundo ikashuka. Madini yanapobanwa hivyo hukimbilia nje. Ndiyo maana sarafu halisi ya kugongwa huwa na vinyufa kwenye ukingo, picha iliyosogea upande mmoja, na chini ya lenzi mistari myembamba sana inayotoka katikati kwenda pembeni kama miale. Wakati mwingine muhuri uliruka na picha ikagongwa mara mbili. Kasoro hizi zote ni habari njema.

Sarafu ya kusubu haikupata nyundo. Madini yalimiminwa yakatulia. Inamisha taa uangalie uso wake: vishimo vidogo vya mviringo kama vya ncha ya pini, vilivyoachwa na hewa. Ngozi yake huwa na ukungu, kama sabuni iliyoanza kutumika. Kwenye ukingo, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, kuna mshono, au mikwaruzo ya tupa iliyotumika kuuondoa.

Kama una nafasi ya kuangalia kitu kimoja tu, angalia pale mguu wa herufi unapokutana na uwanja wa sarafu, yaani ile sehemu tupu iliyo bapa. Vidole na mifuko ya nguo husugua vilivyoinuka: shavu, nywele, kifua cha bundi. Kwenye ile kona ya chini kidole hakifiki. Kwa hiyo sarafu halisi iliyochakaa huwa butu juu na kali chini. Bandia ya kusubu huwa butu kotekote kwa kiasi kilekile, kwa sababu ubutu wake si wa kutumika, ni wa kalibu. Herufi ya Α ya bundi wangu imeyeyukia uwanjani bila kona, wakati manyoya ya kifua chake bado yanahesabika. Mtu huchakaa magoti ya suruali kabla ya pindo la ndani, na sarafu ni hivyohivyo.

Usiibebe kanuni hii kama msumeno, maana zipo sarafu halisi za kusubu. Zile za China zenye tundu la mraba zilisubiwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na shaba nzito za kwanza za Roma pia. Kuna na za katikati: sarafu ndogo za Uyahudi ya kale, ambazo vipande vyake vilisubiwa kwa mnyororo, vikagongwa, kisha vikakatwa kimoja kimoja. Mabaki ya mkato ukingoni kwa hizo ni kawaida. Ndiyo maana jina lilitangulia.

Na bandia nyingine ni za kale zenyewe. Shaba kuichovya fedha si ubunifu wa jana. Mwaka 1970 katika Agora, soko la kale la Athens, lilipatikana jiwe lenye sheria ya mwaka 375/374 KK. Linamwagiza mkaguzi, mtumwa wa umma, akae kati ya meza za wabadilisha fedha azikague sarafu. Akikuta ndani ni shaba au risasi, aikate papo hapo, na iwekwe wakfu kwa Mama wa Miungu. Asipokaa kazini, viboko 50. Ndiyo sababu utakuta bundi mwenye jeraha refu la patasi kichwani: kuna mtu wa kale aliyetaka kuona rangi ya ndani. Mkato huo unapunguza bei, lakini kwangu mimi ni ushahidi mzuri, ilimradi ndani ya jeraha kuwe na ukale sawa na wa uso. Jeraha linalong'aa kwenye sarafu iliyofifia limekatwa juzi.

Sarafu ya kale iliyochovywa huwa na malengelenge, na pale fedha ilipobanduka shaba ya kijani inachungulia. Hiyo ni bandia ya kale, na wapo wanaozikusanya.

Hatua ya 4: Utandu

Shaba iliyokaa ardhini hujivika tabaka: chini jekundu lililokolea, juu yake kijani. Tabaka hizo zimekua kutoka ndani ya madini yenyewe, kwa hiyo ni ngumu. Choma taratibu kwa kijiti cha meno mahali pa pembeni. Kijani cha kweli hakibanduki. Kikitoka kama nta au kama ngozi ya rangi ya ukuta, kimepakwa. Pamba yenye asetoni nayo husaidia: inayeyusha rangi na gundi, lakini haigusi kutu ya kweli. Fanya hivyo penye hewa na mbali na moto, maana asetoni inashika haraka.

Mchanga ulionasa kwa usawa kwenye kila herufi, huku uwanja ukiwa safi, ni pambo la muuzaji.

Ukiona unga wa kijani kibichi unaojikusanya kwenye vishimo na unaorudi ukiufuta, huo ni ugonjwa wa shaba, unaoletwa na chumvi za klorini pamoja na unyevu. Hauthibitishi ukale, maana hata asidi ya mghushi inaweza kuuleta. Itenge sarafu hiyo na nyingine, iweke pakavu kabisa, na usiipime kwa maji.

Hatua ya 5: Tafuta ndugu zake, omba usipate pacha

Muhuri mmoja uligonga maelfu ya sarafu. Kwa hiyo kukuta nyingine iliyotoka kwenye muhuri uleule ni jambo zuri. Nywele ni zilezile, herufi iliyopinda ni ileile. Hao ni ndugu. Lakini kila kipande cha madini kiliandaliwa peke yake na kupata maisha yake: umbo la ukingo, picha ilivyosogea, mikwaruzo, alama za kuanguka. Hivyo havirudiwi. Ukikuta sarafu mbili zenye mkwaruzo uleule mahali palepale, moja ni mtoto wa nyingine, au zote mbili ni watoto wa tatu isiyoonekana.

Bundi wangu ana kidonda kidogo chini ya mguu wa kushoto, umbo la punje ya mchele. Usiku mmoja, nikipitia picha za bandia zinazojulikana, nilikiona kidonda hicho. Kisha nikakiona kwa mwingine. Nilihesabu watano kabla ya kufunga kompyuta.

Hatua hii ndiyo inayowanasa hata mafundi wakubwa, wale wasio na mshono wala vishimo. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyeishi 1772 hadi 1830, alichonga mihuri kwa mkono na kugonga sarafu kwa madini mazuri na uzito sahihi. Inasimuliwa kwamba alizitia kwenye sanduku la unga wa chuma akalifunga chini ya gari lake la farasi, zisuguane njiani mpaka zizeeke. Leo mihuri yake iko Berlin, kazi zake zimeorodheshwa, na anayelinganisha kwa makini humkamata kwa sura. Kabla yake, katika karne ya 16, Giovanni da Cavino wa Padua alitengeneza medali za wafalme wa Roma kwa umaridadi ambao Warumi wenyewe hawakuufikia: duara kamili, herufi zimenyooka mno. Za mkono wake sasa zinatafutwa kwa ajili yake zenyewe. Huyo ni "bandia" ambaye ningempokea kwa mikono miwili.

Hatua ya 6: Sasa ongea bei

Umri haununui chochote. Shaba ndogo za Konstantino na wanawe zina zaidi ya miaka 1,600, na zilitengenezwa kwa wingi wa ajabu katika miji mingi ya dola. Nyingi ni za bei ya mtu anayeanza. Wala uchache peke yake hautoshi. Shaba ya mji mdogo uliosahaulika inaweza kuwa imebaki mifano michache tu duniani ikauzwa kwa bei ndogo, kwa sababu wanaoitaka ni wachache kuliko hiyo mifano. Bundi wa Athens wapo kwa maelfu na bado ni ghali, maana kila mkusanyaji anataka mmoja.

Ndani ya aina moja, hali ndiyo inayotofautisha. Kwa bundi, wajuzi huangalia kishungi cha kofia ya Athena. Muhuri ulikuwa mkubwa kuliko kipande cha fedha, kwa hiyo mara nyingi kishungi kiliangukia nje. Kilichotimia kinapandisha bei sana hata kama sarafu mbili zinalingana kwa mengine yote. Kisha picha kuwa katikati, uso usioliwa na kutu, pigo lililozama sawasawa, na uzuri wa mkono wa mchongaji.

Chunguza pia ukarabati. Shaba kubwa za Kirumi huchongwa upya na watu wa leo ili zionekane kali: nywele zenye ncha kama zimechanwa asubuhi, juu ya shavu lililokwisha kabisa. Uwanja laini kupita kiasi umekwanguliwa. Tundu lililozibwa au alama ya kishikio cha kidani kwenye ukingo hushusha bei kwa kiasi kikubwa.

Kwa namba zenyewe, tafuta matokeo ya minada iliyokwisha. Bei inayoombwa kwenye tangazo ni ndoto ya muuzaji, na sarafu inaweza kukaa nayo miaka. Chukua matokeo kadhaa ya aina hiyohiyo na hali hiyohiyo, ondoa ya juu kabisa na ya chini kabisa, uone yaliyobaki yanakusanyika wapi. Hapo kumbuka kwamba mnada hukata ada kwa mnunuzi na kwa muuzaji pia, kwa hiyo kiasi kitakachofika mfukoni mwako ni pungufu.

Hatua ya 7: Ilifikaje mikononi mwako?

Mwaka 42 KK Brutus, mmoja wa waliomuua Kaisari, alipiga sarafu yenye sura yake upande mmoja na, upande wa pili, majambia mawili na kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, chini yake maneno EID MAR, siku aliyouawa Kaisari. Za dhahabu ni chache mno. Mojawapo iliuzwa mnadani London mwezi Oktoba 2020 kwa zaidi ya dola milioni 4. Machi 2023 mamlaka za Marekani ziliikabidhi kwa Ugiriki, baada ya kubainika kwamba historia ya umiliki iliyoambatana nayo ilikuwa ya kughushi. Uzito, pigo na utandu havikuisaidia. Karatasi ndiyo iliyoiangusha.

Kwa hiyo uliza karatasi: risiti ya zamani, orodha ya mnada yenye picha, barua. Ushahidi kwamba ilikuwa nje ya nchi yake ya asili kabla ya Mkataba wa UNESCO wa 1970, ule wa kuzuia biashara haramu ya mali za kitamaduni, unathaminiwa sana. Ugiriki, Italia, Uturuki na Misri zinahesabu mambo ya kale ya ardhini kuwa mali ya taifa, na kuyatoa bila kibali ni kosa. Uingereza, kwa sheria ya 1996, aliyepata hazina hupewa siku 14 za kuripoti. Kama wewe ndiye uliyeikuta ardhini, usichimbe zaidi. Piga picha, weka alama mahali penyewe, ulizia sheria ya hapo. Mahali ilipolala na vilivyolala nayo huwaeleza wachimbuaji mengi kuliko sarafu yenyewe.

Hatua ya 8: Macho ya pili

Ikiwa imepita kote huko na inaonekana ya thamani, mwonyeshe anayejua, na asiwe yule anayetaka kuinunua. Mtu anayekwambia ni bandia kisha anajitolea kukuondolea usumbufu kwa bei ya kishaufu, mshukuru uondoke nayo. Ukituma picha, tuma pande zote mbili, ukingo, uzito na kipenyo, kwani picha ya upande mmoja haina anayeweza kuijibu. Ukinunua, taka dhamana ya uhalisi kwa maandishi, isiyo na kikomo cha muda. Na ukiambiwa imepimwa kwa mashine ya eksirei, uliza walipima wapi. Mashine hiyo husoma ngozi ya juu tu, na sarafu iliyochovywa ina ngozi nzuri.

Baada ya hapo ihifadhi. Vifuko vya plastiki laini vyenye harufu kali vina PVC, ambayo baada ya miaka huacha utelezi wa kijani juu ya madini. Tumia plastiki isiyo nayo, au bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi. Juu yake andika jina la sarafu, uzito, kipenyo, ulipoipata, kwa nani, tarehe gani, na hifadhi risiti. Andika kwa penseli, na uandike kabla hujaitia sarafu ndani, la sivyo ncha itaacha alama yake usoni mwa Athena.